Kutoka Shehena ya Ngamia hadi Rolakosta ya Hamburg

Nchi ya Griftu ni tambarare. Ukitoka nje ya mji ukaangalia kulia na kushoto, jicho halipati kilima cha kutulia. Ni vichaka vya miiba, vumbi na mbingu. Wasomali wa huku hawana desturi ya kumpanda ngamia kama farasi. Ngamia hubebeshwa nyumba siku ya kuhama: miti iliyopindwa, mikeka, vyombo, na juu ya shehena hiyo huwekwa watoto wadogo na wazee wasioweza mwendo. Anapoinuka, huanza kwa miguu ya nyuma, mtoto akaona ardhi inamjia usoni. Kisha huinua ya mbele, akarudishwa nyuma kwa nguvu. Huo ndio mlima na mteremko wa kwanza tulioujua sisi wa Wajir Magharibi, na mapenzi ya kurushwa hewani hayakututoka tulipohamia Mombasa na kukutana na pembea za Idi katika uwanja wa Makadara. Hatimaye, Mwenyezi Mungu alipotujaalia safari ya kuwazuru jamaa zetu Ujerumani, yalitufikisha kwenye rolakosta.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka 1615 msafiri wa Kiitaliano, Pietro della Valle, alikuwa Istanbul wakati wa sikukuu ya Idi, akaona magurudumu makubwa ya mbao yenye viti, akapanda. Alifurahia kupandishwa na kushushwa kwa kasi, ila Mgiriki aliyekuwa karibu naye hakustahimili akawa anapiga kelele wamsimamishie. Miaka mitano baadaye Mwingereza Peter Mundy aliyaona magurudumu ya aina hiyo katika mji ambao leo ni Plovdiv, Bulgaria, nao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Gurudumu mashuhuri la chuma la George Ferris lilisimamishwa Chicago mwaka 1893, zaidi ya miaka 270 baada ya watoto wa Waislamu kulizoea la mbao. Basi mzee anayenung'unika akiwaona wajukuu wake kwenye pembea Makadara, au kule Mnazi Mmoja Unguja siku za Sikukuu, apewe kiti na kahawa, aelezwe taratibu.

Rolakosta yenyewe asili yake ni Urusi, ambako watu waliteleza juu ya miteremko ya mbao iliyofunikwa barafu. Wafaransa wakaichukua, wakaitia magurudumu na reli huko Paris mwaka 1817, na hadi leo huiita milima ya Kirusi. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua yake Coney Island, New York, kwa nauli ya senti tano, ikienda mwendo ambao kijana mwenye mbio angeushinda. Waarabu wengi siku hizi huiita garimoshi la mauti; jina lenyewe linatosha kumfukuza mama mzazi.

Tamasha tulilolizuru huitwa Dom. Hufanyika Hamburg mara tatu kwa mwaka, majira ya kuchipua, kiangazi na baridi, na kila mara hudumu takriban mwezi mmoja. Jina hilo maana yake ni kanisa kuu, kwa kuwa zamani wachuuzi na wachezaji walikuwa wakijificha mvua ndani ya kanisa kuu la mji. Kanisa lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, jina likabaki, na tangu 1893 tamasha liko kwenye uwanja wa Heiligengeistfeld.

Kilichotushangaza zaidi kuliko taa na muziki ni wenye michezo hiyo. Ni wahamaji. Wana nyumba za magurudumu, watoto wao hubadilisha shule kwa kufuata ratiba ya miji, na kazi hurithiwa na mtoto kutoka kwa mzazi. Huja na malori, husimamisha milima ya chuma, na mwezi ukiisha hukunja kila kitu wakaondoka. Hakuna msingi unaochimbwa. Nguzo hukalishwa juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa hadi kila upande uwe sawa. Rolakosta kubwa kuliko zote zinazohamishika, Olympia Looping, iliundwa na Mjerumani Anton Schwarzkopf na kusimamishwa mara ya kwanza Munich mwaka 1989. Ina mizunguko mitano ya kupindua watu kichwa chini, kimo cha mita 32 na zaidi, reli ya zaidi ya mita 1,200, na kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Tulipompigia simu ayeeyo wetu, yaani bibi, aliyeko Griftu, tukamweleza, mizunguko haikumshughulisha hata kidogo. Alitaka kujua malori ni mangapi, nani hufunga shehena, na kama kina mama ndio husimamisha nyumba kama kwetu.

Injini haimo ndani ya behewa. Katika rolakosta nyingi mnyororo hulivuta hadi kileleni, na ile sauti ya ta-ta-ta inayowatisha watu ni vyuma vya kuzuia behewa lisirudi nyuma. Kutoka hapo ni uzito wake tu unaoliendesha. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini ya reli yanayolizuia kuruka. Mzunguko nao haukuchorwa kama duara kamili. Umechongoka juu kama tone la maji, ili shingo isibebe uzito kwa ghafla. Sisi tulisoma dua ya kupanda chombo, tukashika chuma. Kileleni mji wote ulionekana, mto Elbe na bandari yake, halafu tumbo likabaki juu na sisi tukashuka. Tulirudi kwenye foleni mara tatu.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuandike makala haya, nalo ni ushungi. Tarehe 30 Agosti 2011, siku ya Idi, Waislamu wapatao 3,000 walikwenda Playland, huko Rye, New York. Kina mama walipoambiwa wavue ushungi ili wapande baadhi ya michezo, ugomvi ukazuka, polisi wakaitwa, watu wapatao 15 wakakamatwa, na milango ikafungwa kwa muda. Watoto wakarudi nyumbani Idi imeharibika. Wengi walioisikia habari hiyo waliona ni chuki tupu. Lakini mwaka uliotangulia, huko New South Wales, Australia, dada yetu wa Kiislamu wa miaka 26 alifariki baada ya vazi lake kunaswa kwenye gurudumu la gari dogo la mashindano. Hatari hiyo ni ya kweli, na haijui dini. Skafu ya Mzungu hunaswa vilevile.

Kwa maoni yetu, anayefaa kulaumiwa ni yule anayemwambia mwanamke avue akiwa tayari mbele ya mlango, na tiketi mkononi. Masharti yaulizwe kabla ya kununua. Ushungi wa kuvaa kichwani kama soksi, usio na ncha, ukibana shingoni na kuingizwa ndani ya nguo, hukubaliwa mahali pengi. Pini ziachwe nyumbani, maana zikifunguka huchoma. Buibui pana halifai. Gauni la urefu wa magoti juu ya suruali pana linasitiri na halipeperuki. Magari madogo yaliyo karibu na ardhi, yenye magurudumu wazi, tungependa mabinti wetu wayaache kabisa. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au mgongo, na mtoto asiyefikia kimo kilichoandikwa, wabaki chini wakiwashikia wenzao mikoba.

Yako mengine ya kuangaliwa. Vibanda vya kununua karatasi iliyokunjwa ili upate mwanasesere ni kamari, hata kama zawadi ni ya mtoto. Hema la mpiga ramli tulilipita. Soseji nyingi ni za nguruwe na pombe inauzwa hadharani, lakini lozi zilizokaangwa kwa sukari zinanukia uwanja mzima na zilitutosha. Mwishoni mwa Julai jua la Hamburg huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo anayeingia milango inapofunguliwa saa tisa alasiri awe ameswali Adhuhuri, na aje na mkeka mdogo wa Alasiri. Tulipata kona tulivu nyuma ya malori, na mmoja wa wenye michezo akatusogezea kreti ili watu wasipite mbele yetu.

Wenye jamaa Hamburg wachague Jumatano. Ni siku ya familia, na bei hupunguzwa.