Simu ya Upepo ya Zamani Yapewa Kazi Mpya

Mwenye mgonjwa nyuma ya majabali ya Singida akinena katika simu ndogo ya upepo, sauti haifiki mbali, maana mawimbi yake huenda moja kwa moja mfano wa mshale. Basi, ukiisha kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, twaa mtambo wa zamani ulioita malori ya kampuni, ambao sikio na kinywa chake ni vyombo mbalimbali, uupandishe kilimani. Sikio lisikie katika megahezi 145.000, kinywa kirudie yale yale, papo hapo, katika 145.600. Lakini kinywa kikipiga kelele karibu, sikio huziba. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa ni vichujio vya mapipa ya chuma, vipitishavyo wimbi moja na kuzuia la pili. Tena punguza nguvu, utie na pangaboi, kwani mtambo huo uliundwa kunena maneno machache, si kutwa.