Kwenda na kurudi: Viwanda vya Thika vyaweza kufunza fanksheni

MWANAFUNZI anayepita Eneo la Viwanda la Thika akielekea shuleni huona somo zima la hisabati likitendeka mbele ya macho yake, ila ni nadra kuambiwa kwamba somo hilo lina jina. Katika mji huu unaosifika kwa mananasi, malori yaliyosheheni matunda huingia upande mmoja wa kiwanda, na upande wa pili hutoka mikebe na pakiti za maji ya matunda. Kinachoingia hupitishwa katika utaratibu maalumu, na kinachotoka hutegemea kilichoingia.

Katika hisabati, uhusiano wa namna hiyo huitwa fanksheni. Ni kanuni inayochukua namba moja na kuipa tokeo moja tu, wala si mawili. Mjerumani Gottfried Leibniz ndiye aliyelianzisha neno hilo katika hisabati mwishoni mwa karne ya 17, na mwaka wa 1734 Mswisi Leonhard Euler akaanza kuliandika kwa alama ya f inayofuatwa na mabano, ambayo hadi leo huandikwa f(x).

Hapa Kenya, fanksheni zimepitia misukosuko. Katika miaka ya 1960, warsha zilizofanyika Entebbe, Uganda, ziliandaa vitabu vya kile kilichojulikana kama hisabati mpya kwa shule za Afrika. Baadaye shule za Afrika Mashariki zilipokea vitabu vya SMEA, vilivyotokana na mradi wa SMP wa Uingereza. Wanafunzi wa wakati huo walichora mishale kutoka seti moja hadi nyingine na kuzungumzia fanksheni kwa jina lake. Mnamo 1981, serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru hisabati hiyo iondolewe shuleni.

Matokeo yake ni kwamba katika silabasi ya hisabati ya sekondari iliyorekebishwa mwaka wa 2002, ambayo ndiyo inayotumiwa na makundi ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4, fanksheni hazina sura yao. Katika nchi jirani ya Tanzania, kwa upande mwingine, mada hiyo imefunzwa kwa jina lake katika Kidato cha 3 kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kuondoa jina si kuondoa wazo. Fanksheni zimejificha katika somo la logi na kinyume chake katika Kidato cha 2, zimo katika kupanga upya fomula katika Kidato cha 3, na zinatawala sura ya matriki na mageuzi ya maumbo katika Kidato cha 4. Mwanafunzi hufunzwa mada hizo moja moja, kila moja na kanuni zake za kukariri, bila kujulishwa kwamba zote ni wazo moja lililovaa nguo tofauti. Hapo ndipo alama nyingi hupotelea.

Hesabu ya mkokoteni

Chukua mfano rahisi. Tuseme mwenye mkokoteni mjini Ruiru hutoza Sh50 za kuanzia kazi, kisha Sh20 kwa kila kreti anayobeba. Gharama ya kreti x itakuwa f(x) = 20x + 50. Kwa kreti 5, mteja atalipa Sh150.

Sasa geuza swali. Mteja amelipa Sh150, je, zilibebwa kreti ngapi? Swali hili linahitaji fanksheni ya kinyume, yaani ile inayotoka kwenye tokeo na kurudi ilikoanzia. Wanafunzi wengi hujua kwamba watagawanya badala ya kuzidisha, na kutoa badala ya kujumlisha. Wanachokosea ni mfuatano. Akigawanya 150 kwa 20 kwanza, kisha atoe 50, mwanafunzi atapata kreti 42.5 hasi, jibu ambalo hata mwenye mkokoteni atalicheka.

Njia sahihi ni kuanza na kilichofanywa mwisho. Ondoa zile Sh50, zibaki 100, kisha gawanya kwa 20 upate 5. Makuli wa viwandani wanaijua kanuni hii bila kuingia darasani, kwa kuwa mzigo uliopakiwa mwisho kwenye lori ndio unaoshushwa kwanza.

Alama inayotumiwa kuandika kinyume, f⁻¹, nayo ni mtego. Mwanafunzi aliyezoea vipeo hudhani kwamba maana yake ni moja kugawanywa kwa f. Sivyo. Katika mfano wetu, f⁻¹(150) ni kreti 5. Moja kugawanywa kwa f(150) ni sehemu moja ya 3,050, namba isiyohusiana kamwe na kreti zilizobebwa.

Nani atangulie?

Fanksheni mbili zinapofuatana, tokeo la kwanza likawa ndilo kianzio cha pili, hupatikana fanksheni ya kuunganishwa. Kiwandani, maji ya matunda yanayotoka kwenye mashine ya kukamua ndiyo yanayoingia kwenye mashine ya kujaza pakiti. Hakuna anayeweza kujaza pakiti kabla ya kukamua.

Katika hesabu, umuhimu wa mfuatano hauonekani wazi hivyo. Tuseme duka linauza bidhaa ya Sh1,000, na mnunuzi ana vocha ya kupunguziwa Sh100 pamoja na punguzo la asilimia 10. Vocha ikitangulia, bei inashuka hadi Sh900, kisha asilimia 10 inaondolewa na kubaki Sh810. Asilimia ikitangulia, bei inakuwa Sh900, kisha vocha inaishusha hadi Sh800. Hatua ni zile zile, lakini tofauti ni Sh10.

Kinachowachanganya wanafunzi zaidi ni maandishi. Katika g(f(x)), herufi g ndiyo inayosomwa kwanza, lakini kazi huanza na f kwa sababu ndiyo iliyo karibu na x. Kosa hili hujirudia katika Kidato cha 4. Umbo likigeuzwa kwa matriki A, kisha B, matriki moja ya kazi yote ni BA wala si AB. Aliyeelewa fanksheni haoni jambo geni hapo, ilhali aliyekariri hubahatisha.

Njia isiyo na marejeo

Si kila fanksheni ina kinyume. Abiria wa matatu katika barabara kuu ya Thika anaweza kulielewa hili vyema. Tuseme kwa saa fulani, nauli ya kutoka Nairobi hadi Ruiru ni sawa na ile ya hadi Juja. Ukijua kituo, unajua nauli. Lakini ukijua nauli pekee, huwezi kusema abiria alishukia wapi. Ndivyo ilivyo kwa x², kwa kuwa 3 na -3 zote hutoa 9. Ili kurudi bila utata, ni sharti tukubaliane mapema kwamba tutatumia, kwa mfano, namba zisizo hasi pekee.

Matatu hizo hizo hufunza pia kisichokuwa fanksheni. Mvua inaponyesha au jioni inapofika, nauli ya kituo kile kile hupanda. Basi kituo pekee hakitoshi kuamua nauli, sharti saa na hali ya hewa pia zihesabiwe.

Somo bila gharama

Kufunza wazo hili hakuhitaji maabara. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japan, ulihimiza walimu watumie shughuli za vitendo na vifaa vinavyopatikana karibu. Mwalimu anaweza kuwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa, wa kwanza awe mashine ya kuzidisha kwa 2, wa pili ya kujumlisha 3. Karatasi yenye namba 4 ikipita, inatoka 8, kisha 11. Wakibadilishana nafasi, inatoka 7, kisha 14. Mwishowe warudi katika nafasi zao za awali, na karatasi yenye 11 irudishwe kinyumenyume, ikianza na mwanafunzi wa pili. Atatoa 3, mwenzake atagawanya kwa 2, na 4 itarudi mikononi mwa darasa. Kwa dakika chache, wanafunzi watakuwa wameona fanksheni, muungano wake na kinyume chake, kabla ya herufi yoyote kuandikwa ubaoni.

Faida yake haiishii katika mtihani wa KCSE. Kati ya Ruiru na Thika, huko Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kinachofunza uhandisi. Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu kusomea taaluma kama hiyo hukutana na fanksheni za kuunganishwa na za kinyume mapema katika kalkulasi, na huchukuliwa kwamba anazijua. Asiyewahi kulisikia jina hilo huanza safari akiwa nyuma.

Mageuzi ya elimu nayo yameongeza uzito wa suala hili. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, baada ya Wizara ya Elimu kutangaza mwaka wa 2025 kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu. Wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia husoma hisabati ya kina, na wenzao ile ya msingi. Vyovyote vitabu vitakavyozipanga mada, mwalimu ndiye atakayeamua iwapo mwanafunzi ataziona kama wazo moja au kama rundo la kanuni.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika hisabati, anayejua jinsi ya kwenda hana budi kufunzwa pia jinsi ya kurudi, na kutambua mapema safari ambazo hazina marejeo.