Kwa nini fomu ya mtandaoni hukwama katika baadhi ya vivinjari

TOVUTI inayofanya kazi barabara kwenye kompyuta ya aliyeiunda huenda ikakwama kwenye simu ya mteja. Mteja hubonyeza kitufe cha kutuma fomu, asione lolote likitendeka, akadhani amekosea yeye.

Mara nyingi chanzo ni mstari mmoja tu wa JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich mnamo 1995.

Programu inapotaka kushughulikia vitufe vyote vya ukurasa, kivinjari huikabidhi mkusanyiko wa vitufe hivyo. Mkusanyiko huo hufanana na orodha ya kawaida: una idadi, na kila kitufe kina nambari yake kuanzia sufuri. Hata hivyo, hauna uwezo wote wa orodha.

Mfano ni amri ya forEach, ambayo hupitia kitu kimoja baada ya kingine. Mikusanyiko ya querySelectorAll ilianza kuikubali katika Chrome, Firefox na Safari mnamo 2016. Internet Explorer haikuikubali kamwe, hadi Microsoft iliposimamisha huduma zake kwa watumiaji wengi Juni 2022. Mkusanyiko wa getElementsByClassName nao hauikubali hata leo.

Amri isipokubaliwa, programu hukatika papo hapo na maagizo yanayofuata hayatekelezwi. Ndiyo maana kitufe huonekana kimekufa.

Kosa la pili halitoi ishara yoyote. Mkusanyiko wa getElementsByClassName hubadilika kila ukurasa unapobadilika. Tuseme fomu ina maonyo 4, na programu inayaondoa moja moja kuanzia mwanzo. La kwanza likiondoka, la pili huchukua nafasi yake na kurukwa. Mwishowe maonyo 2 hubaki, ingawa mteja ameshasahihisha fomu.

Suluhisho ni kunakili mkusanyiko uwe orodha kamili kwa amri ya Array.from, iliyoingia katika kanuni za lugha hiyo mnamo 2015, kabla ya kuupitia.

Kwa vivinjari vya zamani zaidi, njia salama ni kuhesabu kwa nambari kwa amri ya kawaida ya for. Iwapo vitu vinaondolewa, hesabu ianzie mwisho kurudi mwanzo ili kisirukwe hata kimoja.

Zaidi ya yote, anayeunda tovuti hana budi kuijaribu kwenye simu kuukuu kabla ya kuizindua, kwani huenda mteja wake hana nyingine.