Utangulizi: Hesabu Katika Rafu Zisizo Zake

Tuseme mwanamke wa Ngombezi, Korogwe, amefariki na kuacha shamba. Hana mtoto wala mjukuu, baba na babu yake walimtangulia, na waliobaki ni mume, mama na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa mirathi ya Kiislamu mume ana nusu, dada wana theluthi mbili kwa pamoja, mama ana sudusi. Ligawe shamba mafungu sita, kisha hesabu madai: matatu ya mume, manne ya dada, moja la mama. Yamefika manane, na shamba ni lile lile. Wanazuoni wa Kisuni hulitatua kwa auli: shamba hukatwa mafungu manane badala ya sita, kila mrithi akachukua idadi yake ile ile, na upungufu ukawagusa wote kwa uwiano mmoja.

Nimelitanguliza shamba hili kwa sababu fani ninayokukaribisha, historia ya vitabu vya hesabu, kwa kawaida huanzia Venice. Huko, mwaka 1482, Erhard Ratdolt alipiga chapa kitabu cha jiometri cha Euclid, na michoro yake pembezoni mwa kurasa inapendeza hadi leo. Kisha hutajwa Robert Recorde, aliyechapisha alama ya sawasawa London mwaka 1557, na John Napier na logarithimu zake mwaka 1614. Ni vitabu vikubwa, na maktaba za kale za Ulaya zina haki ya kujivunia. Lakini msomaji wa Korogwe akipewa orodha hiyo peke yake, atatoka akiamini kwamba huku kwetu hapakuwa na kitabu cha hesabu kabla ya shule ya Mjerumani. Imani hiyo naikataa, na hoja yangu ni ya rafu: hesabu ilikuwapo, ila imewekwa chini ya majina mengine.

Angalia yaliyokipata kitabu cha al-Khwarizmi. Aljebra yake, iliyoandikwa Baghdad karne ya 9, imetenga sehemu kubwa kwa wasia na mirathi, maswali ya aina ya shamba letu. Robert wa Chester alipoitafsiri kwa Kilatini mwaka 1145, sehemu hiyo aliiacha. Ulaya ikarithi aljebra iliyokatwa. Nakala ya Kiarabu ya mwaka 1342 imo katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na ndiyo aliyoitumia Frederic Rosen kuchapisha tafsiri ya Kiingereza yenye sehemu ya mirathi, London, mwaka 1831. Karibu karne saba zilikuwa zimepita.

Katika pwani yetu, elimu hiyo ya mafungu ndiyo iliyosomwa misikitini na vyuoni kwa jina la faraidhi. Rahabia, shairi la karne ya 12 lenye beti zipatazo 175, bado linahifadhiwa na wanafunzi wa madhehebu ya Shafi. Mtunza maktaba akiletewa kitabu cha namna hiyo hukiandika chini ya sheria au dini. Hajakosea. Ila mtafiti wa hesabu hatafika rafu ile kamwe asipoambiwa.

Hesabu za bahari zimejificha zaidi. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, alitunga Sofaliya, shairi la Kiarabu la kumwongoza nahodha kuteremka pwani yetu hadi Sofala. Mswada wake umehifadhiwa St Petersburg, na T. A. Shumovskii aliuchapisha mwaka 1957. Ukilisoma kama shairi tu, utaona nyota na bandari. Lisome kwa kalamu mkononi: kimo cha nyota kinapimwa kwa vidole, kidole kimoja ni zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu, na kila kidole kinachopungua au kuongezeka ni masafa yanayojulikana kati ya kaskazini na kusini. Kilwa iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ambako Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa. Nahodha hana budi kupima nyota nyingine. Kwangu mimi hicho ni kitabu cha hesabu, hata kama kimewekwa kwenye ushairi.

Basi ukifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliichapishia katalogi mwaka 1970, au kwenye Nyaraka za Zanzibar, usiulizie hesabu pekee. Ulizia faraidhi, falaki, kalenda, nyakati za sala, ubaharia. Kisha tazama pambizo, maana huko ndiko msomaji wa zamani huacha majaribio yake ya kugawa, jina lake, na pengine neno la wakfu linalokataza kitabu kuuzwa.

Na kama nyumbani kwenu Ngombezi kuna sanduku la vitabu vya babu, kabla hujatoa hata kimoja andika vimepangwaje na kipi kiko jirani na kipi. Kitabu cha faraidhi kilichokaa kati ya kalenda na daftari la madeni kinatueleza nani alikitumia, na kwa kazi gani.