Hesabu ya Saa Tisa za Usiku

Jamaa wengi mmeshaisikia habari ya simu iliyolia nyumbani kwa Bibi, Muscat, saa tisa za usiku, na kila anayeisimulia huitia chumvi yake. Mimi naileta hapa kama ilivyokuwa, kwani ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowatoa machozi watoto wetu wa miaka 11 hadi 14 popote walipo, wawe London, wawe Boston, wawe Muscat kwenyewe.

Aliyepiga ni mtoto wa dada yangu aliyeko Boston, umri wake miaka kumi na miwili. Ilikuwa mwezi wa Januari, na kwao ilikuwa saa kumi na mbili za jioni. Amerudi skuli, amekula, akakumbuka kwamba wiki nzima hajamjulia hali Bibi yake. Simu ya mkononi ingemwambia saa za Muscat kwa kuigusa tu, lakini siku hiyo walikuwa wamesomeshwa namba hasi, naye alitaka kuitumia elimu yake. Akaandika kwenye karatasi: Muscat 4, Boston 5, tano kutoa nne ni moja. Basi Muscat ni saa moja ya usiku, Bibi ameshasali magharibi na sasa yuko na kahawa yake. Akapiga.

Bibi aliamka akijua kuna msiba. Kwa watu tuliotawanyika kama sisi, simu ya usiku wa manane haina tafsiri nyingine. Kabla hajaipokea alikuwa ameshasema Innalillahi, na aliposikia mjukuu anacheka upande wa pili, miguu ilikuwa imeshamlegea, akakaa chini sakafuni. Baadaye aliniambia kwamba jina la kwanza lililomjia ni langu.

Nusu saa haikupita, mtoto akanipigia mimi London, naye analia. "Mjomba, nimekosea wapi? Tano kutoa nne si moja?" Nikamwambia ni moja, tena hakuna mwalimu atakayesema vingine. Kutoa alitoa sawasawa. Kosa lilikuwa kabla ya kutoa.

Mwaka 1884, katika mkutano uliofanyika Washington, yalikubaliwa mataifa yahesabu kuanzia mstari unaopita Greenwich, hapa London. Hapo ndipo penye sifuri. Muscat iko mbele kwa saa 4, basi ni chanya 4. Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa ni chanya 3. Boston, wakati wa baridi, iko nyuma kwa saa 5, basi ni hasi 5. Mtoto alipoiandika 5 peke yake alikiacha kile kistari kidogo cha mbele, na kistari hicho ndicho kilichobeba Bahari ya Atlantiki nzima. Bila ya hicho, Boston aliipeleka mashariki ya Muscat, huko Pakistani.

Nilimwambia achore mstari, aweke sifuri katikati, Boston kushoto na Muscat kulia, kisha atembee kwa kidole. Kutoka hasi 5 mpaka sifuri ni hatua tano. Kutoka sifuri mpaka 4 ni hatua nne. Jumla tisa. Kwa lugha ya daftari ni 4 − (−5) = 9. Saa kumi na mbili za jioni Wazungu huiandika 18, ukiongeza 9 unapata 27, ukitoa 24 za siku nzima inabaki 3, yaani saa tatu za alfajiri kwa kuhesabu kwao. Na kwa saa zetu? Kutoka saa yao kwenda yetu unatoa 6. Tatu kutoa sita ni hasi 3, na kwa kuwa saa haina hasi, unaongeza 12 za mzunguko, unapata 9. Ndiyo ile saa tisa ya usiku iliyomketisha Bibi sakafuni. (Wakati wa joto Boston huwa hasi 4 na London chanya 1, lakini Muscat na Zanzibar hawagusi saa zao, kwa hiyo tofauti ya Boston na Muscat hushuka ikawa 8. Wanaopiga simu mwezi wa Julai wazingatie hilo.)

Nimekuwa nikiwasomesha watoto wa jamaa hesabu siku za Jumamosi kwa muda mrefu sasa, na naweza kusema kwamba kinachowaangusha si kujumlisha wala kuzidisha. Tebo wanazijua. Wanaangushwa na mambo mawili: alama iliyoachwa njiani, na habari isiyosomwa mpaka mwisho. Na huko kuanguka kuna gharama yake. Katika skuli nyingi za Uingereza watoto hupangwa katika makundi kwa kadiri ya alama zao za hesabu, na aliyeshushwa kundi la chini akiwa na miaka 12 huona taabu kupanda tena. Ninao wawili katika ukoo wetu walioshushwa hivyo, nao si wajinga hata kidogo.

Nianze na alama. Watoto hukaririshwa kwamba "hasi na hasi ni chanya". Maneno haya ni matamu mdomoni, nayo yameharibu karatasi nyingi. Mtoto akiiona −3 + (−4) anaandika 7 bila ya kufikiri, kwani ameziona hasi mbili. Ile kanuni ni ya kuzidisha na kugawanya, si ya kujumlisha. Lakini ukimwambia hivyo ataisahau kesho. Mimi huwapeleka kwa Bibi.

Bibi hakusoma skuli, alisoma chuoni tu. Miaka ya 1950 alikuwa akiuza maandazi Ng'ambo, na nyuma ya mlango alikuwa na mistari ya mkaa: mstari mmoja ni andazi moja lililokopwa. Fundi cherehani wa jirani anadaiwa maandazi saba, leo kachukua manne mengine kwa mkopo. Je, amekuwa tajiri wa maandazi kumi na moja? Watoto wote hucheka. Deni juu ya deni ni deni kubwa zaidi: −7 + (−4) = −11. Ijumaa akalipa ya sita, limebaki deni la matano: −11 + 6 = −5. Ilipoingia Ramadhani, Bibi akachukua kitambaa kibichi akaifuta mistari mitano. Kufuta ni kutoa, na kilichotolewa ni deni: −5 − (−5) = 0. Fundi hakupewa hata senti mkononi, lakini hali yake imepanda kwa tano. Mtoto akishaona kile kitambaa ukutani, haulizi tena kwa nini kutoa hasi ni kuongeza.

Kuzidisha nako ni hivyo hivyo. Mtu akikopa maandazi mawili kila siku kwa siku tatu, hali yake imeshuka kwa sita, 3 × (−2) = −6. Ukimfutia madeni matatu ya mawili mawili, hali yake imepanda kwa sita, (−3) × (−2) = 6. Hapo ndipo hasi mbili zinapokuwa chanya, nayo ni kwa sababu ya kitambaa, si kwa sababu ya wimbo.

Wala msidhani hii ni hesabu ya kienyeji ya kubabaisha. Brahmagupta wa Bara Hindi aliyaandika masharti ya namba hizi mwaka 628, na chanya aliziita mali, hasi akaziita madeni. Katika karne ya kumi, huko Baghdad, Abu al-Wafa al-Buzjani aliwaandikia makarani na wafanyabiashara kitabu cha hesabu, na alipotoa tano katika tatu akasema jawabu ni deni la mbili. Neno alilolitumia ni dayn, ndilo hili hili deni letu. Mwanafunzi wa Boston anakuta namba hasi ni ngeni, kumbe jina lake limo kinywani mwa Bibi yake.

Sasa hesabu za mafumbo, zile zinazokuja kwa maneno. Huku ndiko kwenye kilio hasa. Watoto wamefunzwa kuwinda neno: wakiona "zaidi" wanajumlisha, wakiona "imebaki" wanatoa. Niliwapa hii: Maryam ana riali 15, nazo ni 6 zaidi ya alizonazo kaka yake. Kaka ana ngapi? Watano kati ya saba waliandika 21. Walikuta "zaidi", wakajumlisha, wakafunga daftari. Nilimwambia mmoja wao anisimulie kisa kile kwa Kiswahili bila ya kutaja namba hata moja. Akaanza: "Maryam ana pesa nyingi kuliko kaka yake…" akanyamaza, akachukua ufutio. Jawabu ni 9.

Tangu hapo nimeifanya ndiyo sharti ya Jumamosi. Kwanza kisa, bila ya namba, kwa lugha ya nyumbani. Halafu picha au mstari. Namba mwisho. Wazazi wengine huniambia, "Mimi hesabu za siku hizi sizijui, nitamsaidiaje mtoto?" Si lazima uzijue. Kaa naye, mwambie akusimulie habari. Asipoweza kuisimulia hajaielewa, hata kama ameijaza karatasi. Na mtoto akijikongoja kuisimulia kwa Kiswahili, basi amesoma masomo mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mimi nalifurahia zaidi kuliko hesabu yenyewe.

Wala si watoto wetu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa miaka 13 huko Marekani walipewa fumbo: askari 1,128 wanasafirishwa, basi moja huchukua 36, yanahitajika mabasi mangapi? Wengi, kiasi cha saba katika kumi, waligawanya vizuri wakapata 31 na baki 12. Lakini waliojibu mabasi 32 hawakufika hata robo ya wanafunzi wote. Wengine waliandika "31 na baki 12", na wengine 31, wakawaacha askari kumi na wawili barabarani. Bibi nilipomsimulia alisema hao hawajawahi kupanga gari za harusi.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza, kwani lilitugombanisha majira ya joto yaliyopita. Aliyetoka Zanzibar amefunzwa MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wa Boston kafunzwa PEMDAS, ambamo kuzidisha kumetangulia kugawanya. Wakapewa 12 ÷ 3 × 2. Mmoja akapata 8, mwingine akazidisha kwanza akapata 2, na chai ikapoa. Ukweli ni kwamba kuzidisha na kugawanya ni ndugu wa daraja moja, na kujumlisha na kutoa vile vile. Anayetangulia ni aliyeko kushoto. Jawabu ni 8. Na 10 − 4 + 3 ni 9, si 3, hata kama katika neno MAGAZIJUTO herufi za kujumlisha zimetangulia.

Nawaachia watoto fumbo la mwaka huu. Mwezi wa Disemba tunataka kuongea sote kwenye simu moja: Boston, London, Zanzibar na Muscat. Pasiwe na mtu wa kuamshwa kabla ya saa moja ya asubuhi kwao, wala wa kukesha baada ya saa nne ya usiku kwao. Tuanze mapema kabisa saa ngapi za Muscat, na tumalize saa ngapi? Jibu liandikwe kwa saa za Kiswahili, maana Bibi ndiye atakayesahihisha.