Mgodi Hausomeki Kwenye Karatasi

Kila nikisema nasomea uhandisi hapa Jozi na kazi yangu ni kuchora miamba kwenye kompyuta, watu huniuliza: "Sasa hizo picha zinazozunguka ni za nini, si mapambo tu?" Hebu nijibu.

Chukua mfano rahisi. Ramani ya mgodi inaonyesha njia mbili zinakatana kama herufi X. Je, zinakutana kweli? Ramani haisemi. Huenda moja iko mita 5 juu ya nyingine, huenda mita 500. Kwenye modeli ya vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kina, unaizungusha picha kidogo tu na jibu unaliona.

Lakini mgodi hautulii. Mponeng, kusini-magharibi mwa Johannesburg, umechimbwa hadi karibu kilomita 4 kwenda chini. Kila baruti ikilipuliwa, mwamba fulani unaondoka na mzigo uliokuwa umeubeba unahamia kwa jirani yake. Jirani akizidiwa anapasuka, na ardhi inatetemeka. Ndiyo maana modeli nayo lazima ibadilike kadiri uchimbaji unavyoendelea.

Vyombo vya kupima mitetemo hufungwa ndani ya mwamba. Mtetemo ukitokea, chombo cha karibu huupata mapema, cha mbali huchelewa. Tunatafuta mambo manne: vipimo vitatu vya mahali, na wakati ulipotokea. Kwa hiyo vinahitajika vyombo visivyopungua vinne. Kila mtetemo unakuwa nukta moja kwenye modeli. Nukta moja haikuambii kitu. Zikifika mamia, umbo linaanza kujitokeza.

Tarehe 5 Agosti 2014 tetemeko la ukubwa wa 5.5 lilipiga Orkney, mji wa migodi ya dhahabu. Mtu mmoja alifariki, na hata hapa Johannesburg lilisikika. Mitetemo midogo iliyofuata ilipopangwa kwa kina chake, nukta zilijipanga kama ukuta uliosimama karibu wima, chini zaidi ya pale watu wanapochimba. Kwenye karatasi ukuta ule ungeonekana mstari tu.

Tusidanganyane, modeli haitabiri siku ya tetemeko. Inaonyesha mzigo unakusanyika wapi, ili iamuliwe watu wasiingie wapi. Na vipimo vikiwa vibovu, utapata picha nzuri ya uongo.

Na nyumbani je? Kule Mererani, kwenye tanzanaiti, wachimbaji wana neno lao: mitobozano, yaani mashimo ya wamiliki tofauti kukutana chini kwa chini. Juu kila mtu ana mpaka wake. Chini njia zinafuata madini kwa mshazari. Machi 2008 mvua kubwa ilifurika machimboni na makumi ya wachimbaji wakapoteza maisha. Mashimo yakishaungana, maji ya jirani ni maji yako.

Kuanza modeli ya mashimo kama yale hakuhitaji mamilioni. Pima urefu wa njia, mwelekeo na mteremko wake kila wiki, uingize kwenye kompyuta ya kawaida. Kigumu ni kila mmiliki kukubali kuweka vipimo vyake kwenye picha moja na jirani anayemshuku kwamba anamwibia. Hapo, ndugu zangu wa sheria na uongozi, sisi wahandisi hatutoshi. Tunawahitaji.