Kahawa: Kuvu ya udongoni yaweza kusaidia kupambana na trakeomikozi

Majani yanageuka manjano, yanajikunja na kuanguka, na baada ya miezi michache mti wote wa kahawa umekauka. Wakulima wa robusta wa Beni na Ituri wanaijua trakeomikozi, ugonjwa uliowasukuma wengi wao kwenye kakao.

Ulionekana mara ya kwanza mwaka wa 1927, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika miaka ya 1980 ulikuwa umerudi kwa nguvu upande wa Isiro, kaskazini-mashariki mwa RDC. Mwaka wa 1993 ukagunduliwa Bundibugyo, ng'ambo ya mpaka, na ndani ya miaka kumi Uganda ikapoteza karibu nusu ya robusta yake.

Unaletwa na kuvu ya jamii ya fuzari. Inaingia kupitia vidonda, kama vile vya panga au jembe wakati wa kupalilia, kisha inaziba mishipa inayopandisha maji. Dawa ya kupuliza haiifikii humo ndani.

Ndiyo maana watafiti wanaigeukia trikoderma, kuvu nyingine ya udongoni. Yenyewe hukua haraka, huinyang'anya fuzari nafasi na chakula karibu na mizizi, hujizungusha kwenye nyuzi zake na kuziyeyusha. Ethiopia, ambako ugonjwa huu unashambulia arabika, trikoderma imezuia fuzari kukua katika maabara. Brazil nayo inatumia aina moja ya trikoderma, kwa jina la Tricovab, dhidi ya ugonjwa wa kakao uitwao ufagio wa mchawi.

Hata hivyo, trikoderma haifufui mti uliokwisha kushikwa. Mti huo ung'olewe na kuchomwa palepale, bila kuburutwa shambani, na panga lisafishwe kabla ya kugusa mti mwingine. Trikoderma ichanganywe na mbolea ya kuoza, kwenye kitalu na kwenye shimo la kupandia, bila dawa ya kuua kuvu. Miche nayo iwe ya aina inayovumilia ugonjwa.

Mnunuzi aangalie tarehe ya pakiti: trikoderma ni kiumbe hai, joto kali linaiua. Robusta inangojewa karibu miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Anayepanda tena kwenye udongo wenye ugonjwa bila kinga anaweza kupoteza miaka hiyo yote.